Vumbi Hili ni la Nani? Mwongozo wa Kupima Vumbi Baridi la Galaksi Ukiwa Nairobi

Shangazi yangu anakaa Kayole, mtaa ambao Januari ukiingia na viatu vyeusi unatoka na vya kahawia. Siku nilipomweleza kwamba nashinda kwenye laptopu nikipima vumbi la galaksi, alipitisha kitambaa juu ya meza, akanionyesha. "Hili la hapa halijakutosha, mwanangu?" Nikamwambia la huko ni baridi. "Sawa, lakini ukilipata ujue kwanza ni la nani. Hapa kila mwenye duka anasema lake limetoka kwa jirani."

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa fizikia, au mtu yeyote asiyeogopa hesabu za vipeo, anayetaka kupima mwenyewe vumbi baridi katika galaksi moja ya duaradufu au ya kamande, aina mbili nitakazozieleza hapa chini. Huhitaji darubini. Unahitaji kompyuta, bando na subira. Kupima kwenyewe ni kazi ya jioni mbili tatu. Kuthibitisha kwamba ulichopima ni vumbi kweli, tena vumbi la galaksi ileile, ndiko kutakokula mwezi.

Galaksi zenyewe

Galaksi za duaradufu zimeviringana kama yai au mpira wa raga. Hazina mikono iliyo nayo Njia Nyeupe, galaksi yetu, na nyota zake nyingi ni kongwe. Za lentikula zina sahani kama galaksi zenye mikono, ila mikono yenyewe haipo. Jina lao limetoka kwenye neno la Kilatini la kamande, hizihizi tunazochemsha na kuunga kwa nyanya, na ukiiona moja kwa ubavu utakubali kwamba aliyelitoa hakukosea: imetuna katikati, imechongoka kandoni. Mimi naziita galaksi za kamande, kwa kuwa kila mtu Nairobi anajua umbo la kamande.

Kwa muda mrefu aina hizi mbili zilihesabiwa kuwa zimekauka, hazina gesi baridi wala vumbi la maana. Sababu moja inatugusa nyumbani. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kwa astronomia ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo iliitwa Uhuru. Ni Uhuru iliyoonyesha kwamba makundi makubwa ya galaksi yamejaa gesi ya joto la mamilioni ya digrii, na setilaiti zilizofuata zikaikuta gesi kama hiyo hata ndani ya galaksi kubwa za duaradufu, moja moja. Chembe ya vumbi ikiachwa wazi humo hugongwa na protoni na kumomonyolewa hadi ikaisha, kwa muda usiozidi makumi ya mamilioni ya miaka. Galaksi yenyewe ina mabilioni ya miaka. Kwa hiyo ukikuta vumbi leo, ama limeingia juzi, ama linazalishwa kila siku, ama limejificha ndani ya gesi baridi. Hakuna njia ya nne ninayoijua.

Hatua ya 1: Elewa kwa nini huwezi kulipiga picha ukiwa Ngong

Vumbi tunalolitafuta lina joto la kelvini 15 hadi 30, yaani nyuzi 250 hivi chini ya sufuri. Kitu cha kelvini 20 hakitoi mwanga wa kuonekana. Hutoa infraredi ya mbali, kilele chake kikiwa karibu na mikromita 150. Mvuke wa maji ulio hewani huyameza karibu mawimbi yote hayo, hata Nairobi ikiwa mita 1,700 juu ya bahari. Lazima uende angani.

Setilaiti ya infraredi ya IRAS ilikwenda mwaka 1983, lakini chujio lake la mwisho lilikuwa la mikromita 100, hivyo ililiona vumbi lenye uvuguvugu na kulikosa lile baridi zaidi. Herschel, darubini ya Ulaya yenye kioo cha mita 3.5, ilirushwa Mei 2009 na kufanya kazi hadi Aprili 2013, heli yake ya kupozea ilipokwisha. Kamera yake ya PACS ilipiga picha katika mikromita 70, 100 na 160, na SPIRE katika 250, 350 na 500. Kwa kazi hii, picha za Herschel ndizo shamba lako, na ziko wazi kwa kila mtu bila malipo.

Hatua ya 2: Chagua galaksi, na usianze na ile nzuri

Kila anayeanza hukimbilia Centaurus A. Naelewa. Ni galaksi yenye utando mweusi wa vumbi katikati kama mkanda, na ukitoka nje ya mji hadi Magadi usiku wa Mei usio na mwezi, unaweza kuiona kwa binokula kama doa la ukungu upande wa kusini. Lakini katikati yake kuna shimo jeusi linalorusha mikondo ya chembe zenye kasi, na mikondo hiyo itakuvurugia vipimo kabla hujajifunza kupima.

Anza na NGC 5866, iliyo katika kundinyota la Tinini, umbali wa karibu miaka ya nuru milioni 50. Ni kamande iliyolala kwa ubavu kabisa, na uzi mwembamba wa vumbi umeikata katikati kama kovu. Vumbi lake lina mwanga wa kutosha na haligombaniwi na mtu. Ukishaizoea, nenda kwenye kundi la galaksi la Mashuke, ambalo wengi wanalijua kama Virgo, takriban miaka ya nuru milioni 54. Huko ndiko kwenye ugomvi.

Umbali wa galaksi, aina yake na mahali pake angani utavipata katika hifadhidata ya NED. Andika umbali pamoja na kosa lake, yaani kiasi ambacho huenda kipimo kimepotoka. Hesabu ya uzito hutumia umbali kipeo cha pili, hivyo kosa la asilimia 10 kwenye umbali ni kosa la asilimia 21 kwenye vumbi. Watu hulia kuhusu kamera, na kumbe kilichowaangusha ni umbali.

Hatua ya 3: Pakua ramani

Kuna milango mitatu: hifadhi ya Herschel ya shirika la anga la Ulaya, hifadhi ya IRSA ya Marekani, na hazina ya DustPedia, yenye galaksi 875 za karibu zilizokwisha kupangwa vizuri. Mimi hutumia DustPedia kwa sababu picha zake zimekatwa tayari kuizunguka galaksi, na bando langu si la ukoo. Humo pia kuna vipimo vilivyokwisha kufanywa na wataalamu kwa kila galaksi. Usivitazame kabla ya kupima vyako. Ukishaliona jibu, mkono wako utalifuata.

Pakua faili za FITS (muundo wa faili za picha za astronomia) za mikromita 100, 160, 250, 350 na 500, pamoja na ramani zake za makosa, na picha moja ya mwanga wa kawaida. Zifungue kwa programu ya DS9. Hesabu utafanya kwa Python, ukitumia maktaba za Astropy na photutils. Zote ni bure. Hifadhi kazi kila mara, maana stima haina adabu: mimi ilinipotea nikiwa nimebakisha mduara mmoja.

Hatua ya 4: Tazama kabla ya kuhesabu

Fungua picha ya mwanga wa kawaida na ile ya mikromita 250 sambamba, uzifungie pamoja ili ukisogeza moja na nyingine isogee. Jiulize: mng'ao wa infraredi uko katikati ya galaksi? Umelala juu ya mkanda mweusi unaouona kwenye picha ya kawaida? Au umekaa pembeni, peke yake, kama mtu aliyeingia harusini bila kualikwa?

Kumbuka ukali wa picha hizi. Nukta moja ya nuru huonekana humo kama doa; doa la SPIRE katika mikromita 250 lina upana wa sekunde za tao 18 hivi (sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja), na katika 500 ni kama 36. Kwa umbali wa kundi la Mashuke, sekunde 36 ni zaidi ya miaka ya nuru 9,000. Mambo mengi yanaweza kufanyika ndani ya doa moja na usiyaone.

Hatua ya 5: Pima mng'ao

Kwanza fifisha ramani zote ziwe na ukungu wa ile ya 500, kisha chora duara lilelile la kupimia katika zote. Jumlisha pikseli zilizo ndani. Chora pete nje ya galaksi, pata wastani wa mandharinyuma, ukiondoe.

Hapa ndipo niliumia. Angalia kichwa cha faili kinataja kizio gani. Ramani za SPIRE hutolewa ama kwa janski (kizio cha mng'ao) kwa kila doa, ama kwa megajanski kwa kila steradiani (kizio cha eneo la anga). Mimi nilijumlisha pikseli za ramani ya janski kwa doa kana kwamba ni janski kwa pikseli. Doa la 250 lina eneo la sekunde za tao za mraba 469 hivi, na pikseli ya sekunde 6 ina 36. Galaksi yangu ikapata vumbi mara 13 ya kiasi chake, nami nikatembea wiki nzima nikidhani nimegundua kitu. Kwa ramani ya janski kwa doa, gawanya jumla kwa idadi ya pikseli zinazoingia katika doa moja. Kwa ramani ya megajanski kwa steradiani, kila 1 katika pikseli ya sekunde 6 ni janski 0.000846.

Kosa la kipimo usilipate kwa kelele za pikseli pekee. Tupa duara lako mahali pengine 20 au 30 palipo tupu kwenye ramani hiyohiyo, uone majibu yanatawanyika kiasi gani. Mtawanyiko huo ndio kosa lako la kweli. Ongeza asilimia 5 hadi 7 za kosa la kamera yenyewe.

Hatua ya 6: Kutoka mng'ao hadi joto na uzito

Kanuni yenyewe ni fupi:

M = S × D² ÷ (κ × B)

M ni uzito wa vumbi, S ni mng'ao uliopima, D ni umbali, B ni mng'ao wa gimba jeusi (kitu cha nadharia kinachong'aa kwa joto lake pekee, si shimo jeusi) lenye joto la vumbi lako, na κ, tuite kapa, ni uwezo wa kilo moja ya vumbi kutoa mnururisho. Kwa mikromita 350 wengi hutumia kapa ya mita za mraba 0.192 kwa kilo, inayopungua kwa kipeo cha pili kadiri wimbi linavyorefuka. Kipeo hicho huitwa beta. Ukichukua kapa ya mtu, chukua na beta yake. Kuchanganya kapa ya huyu na beta ya yule ni kuvaa kiatu cha kushoto cha Bata na cha kulia cha Gikomba.

Tuseme galaksi yako iko umbali wa megaparseki 15 (miaka ya nuru milioni 49 hivi) na umepata janski 1.9 katika mikromita 160, 1.1 katika 250, 0.5 katika 350 na 0.18 katika 500. Chora nukta hizo, kisha pitisha mkunjo wa gimba jeusi lililorekebishwa kwa beta ya 2. Mkunjo wa kelvini 20 utapita juu ya nukta zote. Ingiza 0.5 ya mikromita 350 katika kanuni, ukikumbuka kugeuza megaparseki kuwa mita, na utapata tungamo za Jua milioni 2.1 za vumbi (tungamo moja ya Jua ni uzito wa Jua letu).

Sasa fanya jaribio nililolazimishwa kufanya na mwalimu wangu, ambalo sitamsamehe na sitaacha kumshukuru. Rudia hesabu hiyohiyo kwa kelvini 15: milioni 4.4. Kwa kelvini 25: milioni 1.3. Mng'ao ni uleule, umbali uleule, na uzito umetofautiana zaidi ya mara tatu. Ndiyo maana nukta moja haitoshi. Unahitaji nukta pande zote mbili za kilele, ile ya 100 au 160 upande mmoja na za SPIRE upande wa pili. Na ile ya mikromita 70 iache nje: kiasi kidogo tu cha vumbi la moto huiinua, mkunjo wako ukadhani vumbi lote ni la moto.

Ukiachia beta na joto vitafutwe pamoja, vitavutana: kimoja kikipanda kingine kinashuka, na mkunjo unabaki mzuri vilevile. Ifunge beta hadi uwe na nukta nyingi zilizo safi.

Hatua ya 7: Ni la nani?

Una namba. Sasa ipeleke mahakamani.

Mshtakiwa wa kwanza ni shimo jeusi. M87, galaksi kubwa ya duaradufu katika kundi la Mashuke, ndiyo ile iliyotoa picha ya kivuli cha shimo jeusi mwaka 2019. Herschel iliiona waziwazi katika mikromita zote. Ungefurahi, ungepitisha mkunjo, ungetangaza vumbi. Kumbe nuru hiyo ni ya elektroni zinazozunguka katika sumaku, kitu kinachoitwa sinkrotroni, wala haikuhitaji vumbi kuielezea. Kuitambua si kazi: chukua vipimo vya redio vya galaksi hiyo kutoka NED, vichore kwenye grafu ya logi kwa logi, upitishe rula, urefushe mstari hadi mikromita 500. Nukta zako za Herschel zikikaa juu ya mstari wa redio, funga faili. Zikiruka juu yake na kutengeneza nundu, nundu ndiyo vumbi.

Wa pili ni galaksi ya nyuma. Anga la SPIRE limejaa galaksi za mbali mno, zimebanana hadi nuru yao inakuwa kelele ya milijanski 6 hivi kwa kila doa. Moja ikikaa nyuma ya galaksi yako unaweza kuipa galaksi yako mali isiyo yake. Dalili ya kwanza ni mahali: mng'ao ulio sekunde 15 kando ya kiini, bila mkanda wowote hapo kwenye picha ya kawaida, nitaushuku. Ya pili ni rangi. Rudi kwenye mfano wetu: vumbi la karibu la kelvini 20 lina mng'ao katika 250 mara mbili na zaidi ya ule wa 350. Ukikuta 350 inalingana na 250 au inaizidi, huenda unatazama vumbi la galaksi ya mbali ambalo nuru yake imevutwa na kupanuka kwa ulimwengu.

Wa tatu ni sisi wenyewe. Njia Nyeupe ina mawingu mepesi ya vumbi yanayoenea kama moshi wa jiko la makaa asubuhi. Hilo hutambulika kwa umbo: nyuzi ndefu zinazopita galaksi na kuendelea upande wa pili. Panua ramani utazame mbali, usikwame kwenye mraba mdogo.

Akiachiwa kila mshtakiwa, vumbi limo ndani ya galaksi. Lakini swali la shangazi halijaisha, kwa kuwa kuwa ndani si kuwa lake. Itazame M86, jirani wa M87. Vumbi lake lililoonekana kwa Herschel halikukaa kwa utulivu katikati, limefuatana na nyuzi za gesi ya hidrojeni, na wanaoifuatilia wanaona huenda lilinyofolewa kutoka galaksi nyingine iliyopita karibu. La jirani kweli.

Njia ya kupima madai hayo kwa galaksi nyingi ni kulinganisha vumbi na nyota. Nyota kuukuu hupuliza vumbi zinapozeeka, basi kama vumbi lote ni la nyumbani, galaksi yenye nyota nyingi ingekuwa na vumbi jingi kwa kiwango kinachotabirika. Katika utafiti wa Herschel uliochapishwa mwaka 2012, uliochukua galaksi 62 za aina hizi mbili, vumbi lilionekana katika asilimia 62 ya kamande na asilimia 24 ya za duaradufu. Uwiano wa vumbi kwa nyota hushuka mara 10 ukitoka galaksi zenye mikono kwenda kamande, na mara 10 nyingine hivi ukifika kwenye duaradufu. Ndani ya kila aina uwiano umetawanyika vibaya, na hilo ndilo linalowafanya wengi, nami nikiwemo, waamini kwamba sehemu kubwa ya vumbi la duaradufu imeletwa na galaksi ndogo zilizomezwa. Ukiweza kupata vipimo vya mwendo wa gesi, angalia inazunguka upande gani. Gesi inayozunguka kinyume na nyota za galaksi haikuzaliwa humo.

Hatua ya 8: Usipoona kitu

Duaradufu nyingi hazitakuonyesha chochote. Usiandike sufuri, na tafadhali usiitoe kwenye orodha. Andika kikomo cha juu: chukua kosa lako, lizidishe mara tatu, lipitishe kwenye kanuni ileile kwa joto unalolitaja wazi. Kwa doa moja lenye kelele ya milijanski 6 katika mikromita 250, umbali wa megaparseki 15 na joto la kelvini 20, kikomo hicho ni kama tungamo za Jua 34,000. Kwenye grafu kinachorwa kwa mshale unaoelekea chini, na pembeni yake unaandika joto ulilodhania, ili atakayekuja na joto lake aweze kukirudia.